Lenzi Ndani ya Ubongo wa Panya: Namna Inavyopandikizwa na Maana Yake kwa Mgonjwa

Magonjwa mengi ya ubongo hayajioneshi katika picha. Mgonjwa wa Parkinson ambaye mkono unamtetemeka na hatua zinakataa kuanza anaweza kufanyiwa kipimo cha MRI, na majibu yakarudi yakisema kwamba ubongo wake hauna kasoro. Mwenye maumivu sugu yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi huweza kuambiwa vivyo hivyo. Majibu hayo si ya uongo. Ni ya kipimo chenye mipaka. MRI huonesha umbo la ubongo, na nukta moja ya picha yake hubeba maelfu kwa maelfu ya seli. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, hukusanya ishara za seli nyingi kwa mkupuo, mithili ya mtu anayesikia mvumo wa soko kutoka mbali: atajua kwamba soko limejaa, lakini hatajua nani anamuuzia nani na kwa bei gani.

Njia mojawapo ya kuziona seli moja moja zikifanya kazi, mnyama akiwa macho na akitembea, ni kupandikiza lenzi nyembamba ya kioo ndani ya ubongo wa panya na kufunga hadubini ndogo juu yake. Habari za tafiti za namna hii huwafikia wagonjwa kupitia redio, simu za mkononi na mazungumzo ya foleni ya kliniki, mara nyingi zikiwa nusunusu: kwamba kumbukumbu imeonekana kwa macho, au kwamba makao ya maumivu yamepatikana. Makala hii inaeleza lenzi hiyo ni nini, hupandikizwaje, imeonesha nini na inamgharimu nini mnyama, ili mhudumu wa afya na mgonjwa waweze kupima wenyewe uzito wa habari hizo.

Kwa nini hadubini ya kawaida haitoshi

Kikwazo cha kwanza ni nyama ya ubongo yenyewe. Mwanga unapoingia humo hutawanyika kila upande, kama taa za gari zinavyotawanyika katika ukungu mzito wa alfajiri. Hadubini ya mwanga wa kawaida huona vizuri kwa kina kisichozidi robo milimita hivi. Hadubini za leza hufika kina kikubwa zaidi, lakini nazo kwa kawaida hukwama kabla au karibu na milimita moja.

Sehemu nyingi zinazowahusu wagonjwa ziko chini ya hapo. Hata katika ubongo wa panya mdogo wa maabara, wenye uzito wa takriban nusu gramu na seli za neva zipatazo milioni 70, hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu, iko zaidi ya milimita moja chini ya uso. Striatamu, inayohusika na mwendo na ambayo huathirika katika ugonjwa wa Parkinson, iko kati ya milimita 2 na 3. Amigdala, inayohusika na hofu na uchungu wa maumivu, iko zaidi ya milimita 4.

Kikwazo cha pili ni hadubini ya mezani. Anayetaka kuutazama ubongo kwa chombo hicho hulazimika kukaza kichwa cha mnyama kisicheze. Mnyama wa namna hiyo hawezi kutafuta njia, kumkimbia adui wala kumkaribia mwenzake. Ugonjwa wa Parkinson ni ugonjwa wa mwendo. Kuuchunguza katika kiumbe kisichoweza kwenda ni kuukosa wenyewe.

Lenzi yenyewe

Lenzi ya miwani hupinda mwanga kwa umbo lake: imevimba katikati au imebonyea. Lenzi inayopandikizwa katika ubongo wa panya haina uvimbe wala bonde. Ni kijiti cha kioo kilichonyooka, ncha zake zote mbili zikiwa bapa, chenye kipenyo cha nusu milimita hadi milimita moja na urefu wa milimita chache.

Nguvu yake imo katika kioo. Wakati wa kutengenezwa, kijiti huzamishwa katika chumvi iliyoyeyushwa kwa joto kali. Baadhi ya ayoni za kioo hutoka, na nafasi zake huchukuliwa na ayoni nyingine. Mabadilishano hayo huwa makubwa pembezoni na hupungua kuelekea katikati. Matokeo yake ni kwamba kiini cha kijiti huwa na uwezo mkubwa zaidi wa kupinda mwanga kuliko kingo zake, na uwezo huo hubadilika hatua kwa hatua. Mwale unaopita humo haukati kona. Hujikunja taratibu, ukiinamia ukingoni na kurudi katikati, hadi picha ya kilicho kwenye ncha ya chini ijengeke tena kwenye ncha ya juu.

Kanuni hii si ngeni. Mazigazi, yale yanayofanana na maji yakimetameta juu ya lami wakati wa jua kali, hutokana na jambo hilohilo: hewa ya moto iliyogusa lami na hewa iliyopoa kidogo juu yake hupinda mwanga kwa viwango tofauti, na mwanga wa anga hujikunja taratibu hadi uonekane kana kwamba unatoka barabarani. Lenzi asilia ya jicho la mwanadamu nayo imeumbwa hivyo, kiini chake kikipinda mwanga zaidi kuliko tabaka zake za nje. Hata hivyo, kijiti hiki kisichanganywe na lenzi ya bandia anayowekewa mgonjwa wa mtoto wa jicho. Ile humrudishia mgonjwa uwezo wa kuona. Hii haimsaidii panya kuona chochote. Humwezesha mtafiti kuuona ubongo wa panya.

Kuzifanya seli zing'ae

Lenzi peke yake ingeonesha giza, kwa kuwa seli za neva hazing'ai. Lazima zipewe taa. Seli ya neva inapotuma ishara, milango midogo ya utando wake hufunguka na kalsiamu huingia ndani kwa wingi. Kwa hiyo anayeweza kuiona kalsiamu ikipanda ameiona seli ikifanya kazi.

Taa hiyo ilitoka baharini. Mwaka 1962, Osamu Shimomura na wenzake walieleza protini walizozitenga kutoka kwa yavuyavu wa Bahari ya Pasifiki, mnyama mlaini wa baharini ambaye wengine humwita konyeza. Mojawapo ilikuwa protini inayong'aa kijani. Ugunduzi huo ulimpatia Shimomura Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008, pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien walioiendeleza. Mwaka 2001, Junichi Nakai na wenzake nchini Japani waliiunganisha protini ya kijani na protini nyingine inayoshika kalsiamu. Wakapata kiungo kinachofifia kalsiamu inapokuwa kidogo na kung'aa inapoongezeka. Kinaitwa GCaMP, na matoleo yake yaliyoboreshwa ndiyo yanayotumika hadi leo.

Jeni ya protini hiyo huingizwa katika seli kwa kutumia kirusi kiitwacho AAV, kilichoondolewa jeni zake chenyewe ili kisiweze kuzaliana. Kiasi kinachodungwa mara nyingi hakizidi nusu ya sehemu moja ya elfu ya mililita. Jeni inaweza kufungwa kwa namna ambayo itafanya kazi katika aina moja tu ya seli, kwa mfano seli zenye kipokezi fulani cha dopamini, nyingine zikabaki gizani. Baada ya wiki 2 hadi 4, seli zilizokusudiwa huwa zimejitengenezea protini ya kutosha.

Msomaji aweke akilini jambo moja. Mng'ao si umeme wa seli. Ni kivuli chake. Ishara ya umeme humalizika kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, ilhali mng'ao huchukua sehemu ya sekunde, pengine hata sekunde nzima, kufifia. Ishara moja iliyo peke yake inaweza kupita bila kuonekana, na ishara zilizofuatana haraka huonekana kama wimbi moja.

Hadubini ya gramu mbili

Mwaka 2011, Mark Schnitzer, Abbas El Gamal na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walichapisha maelezo ya hadubini kamili yenye uzito wa gramu 1.9. Ndani yake mna taa ndogo ya mwanga wa buluu, vichujio vya mwanga, lenzi na kihisi cha kamera. Mwanga wa buluu hushuka kupitia kijiti cha kioo, seli zenye kalsiamu hujibu kwa mwanga wa kijani, na kamera hupiga picha zipatazo 20 au 30 kila sekunde. Waya mwembamba unaoning'inia kutoka juu huzipeleka kwenye kompyuta, na panya huendelea na shughuli zake.

Uzito huo ni mdogo mezani, lakini si mdogo kichwani pa panya. Panya wa maabara mwenye gramu 25 anayebeba gramu 1.9 ni sawa na mtu wa kilo 70 anayebeba ndoo ya lita 5 kichwani kwa muda wote wa jaribio. Ndiyo maana wanyama huzoeshwa mzigo kwanza, na ndiyo maana mwendo wao hulinganishwa na wa wenzao wasio na mzigo. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa bure michoro na maelekezo ya kutengeneza hadubini yao, na maabara nyingi zisizokuwa na fedha za kununua chombo kilichokamilika zikaweza kujiundia.

Upasuaji hatua kwa hatua

Muuguzi wa chumba cha upasuaji akitazama kazi hii ataitambua sehemu kubwa. Panya hupewa nusukaputi ya kuvuta, kwa kawaida isofluraini iliyochanganywa na oksijeni. Hulazwa juu ya kitanda chenye joto, kwa kuwa mwili mdogo hupoteza joto upesi. Macho hupakwa mafuta yasikauke. Dawa ya maumivu hutolewa kabla ya kisu, si baada yake. Ganzi huwekwa chini ya ngozi ya kichwa. Na mara nyingi hudungwa deksamethasoni ili kupunguza uvimbe wa ubongo. Nywele hunyolewa, ngozi husafishwa kwa dawa, na vyombo vyote huwa vimetakaswa.

Kichwa hukazwa katika fremu yenye vipimo vya pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Fremu ya aina hii ilibuniwa kwa ajili ya wanyama na Victor Horsley na Robert Clarke jijini London mwaka 1908. Ni mwaka 1947 tu ndipo Ernest Spiegel na Henry Wycis walipochapisha matumizi yake kwa binadamu huko Philadelphia. Mgonjwa anayechukuliwa kinyama cha uvimbe ulio ndani ya ubongo kwa njia ya fremu ananufaika na chombo kilichotangulia kutumika kwa wanyama.

Daktari hupata alama kwenye fuvu pale mishono ya mifupa inapokutana, kisha hupima kutoka hapo hadi mahali pa kutoboa. Fuvu husawazishwa kwa uangalifu mkubwa. Likiinama kidogo tu, lenzi itakayoshuka milimita 4 itakosa shabaha. Tundu lenye upana unaozidi kidogo ule wa lenzi hutobolewa kwa keke ndogo kama ya daktari wa meno, kwa vipindi, huku maji baridi ya chumvi yakimiminwa ili joto lisiuunguze ubongo ulio chini. Utando mgumu unaofunika ubongo huondolewa kwa kibano chembamba.

Kinachofuata hutegemea kina. Kuifikia hipokampasi kwa lenzi ya milimita moja, daktari hulazimika kufyonza gamba la ubongo lililo juu yake. Hutumia sindano butu iliyounganishwa na mashine ya kufyonza, akienda taratibu chini ya hadubini ya upasuaji, maji ya chumvi yakitiririka bila kukoma. Gamba likiisha hutokea nyuzi nyeupe zilizolala kwa mpangilio. Nyuzi hizo ndizo alama ya kupunguza mwendo: tabaka za juu huondolewa, na tabaka ya mwisho inayofunika hipokampasi huachwa. Akizidisha, ataharibu seli zilezile alizokuja kuzitazama. Kwa sehemu za ndani zaidi hutumiwa lenzi nyembamba, ambayo hushushwa bila kufyonza kitu, pengine baada ya sindano kutangulia kufungua njia.

Damu ndiyo adui mkubwa wa hatua hii. Hemoglobini humeza mwanga wa buluu na wa kijani, ambao ndio unaotegemewa, na tone dogo lililoganda chini ya lenzi laweza kuifanya kazi ya miezi iwe bure. Kwa hiyo daktari husubiri hadi maji yatoke meupe. Kisha lenzi hushushwa polepole sana, pengine sehemu moja ya kumi ya milimita kwa dakika, hadi ncha yake iwe juu ya seli kwa umbali wa takriban milimita 0.2. Ikiwa mbali zaidi, picha hufifia. Ikiwa karibu zaidi, seli hugandamizwa.

Lenzi hukazwa kwenye fuvu kwa saruji ya meno, mara nyingi pamoja na skrubu ndogo, na ncha ya juu hufunikwa isikwaruzwe. Dawa za maumivu huendelea kwa siku kadhaa, na mnyama hupimwa uzito kila siku. Baada ya wiki 3 hadi 6, uvimbe ukiwa umepungua na damu iliyovuja ikiwa imenyonywa, hadubini hushushwa juu ya lenzi mpaka seli na mishipa midogo ya damu ionekane wazi. Kibao kidogo cha kushikilia hadubini hugandishwa papo hapo. Kibao hicho ndicho huiwezesha hadubini kuondolewa na kurudishwa mahali palepale, na seli zilezile kufuatiliwa kwa wiki kadhaa.

Gharama ya dirisha

Lenzi ni dirisha lililopatikana kwa kubomoa ukuta. Kijiti cha milimita moja kinachoshushwa milimita moja huchukua nafasi ya takriban milimita 0.8 za ujazo, na katika gamba la panya nafasi hiyo ilikuwa na makumi ya maelfu ya seli za neva. Ubongo nao haukai kimya. Seli za glia hukusanyika kukizunguka kioo na kujenga kovu, kama zinavyofanya kuizunguka risasi au mrija uliowekwa kutoa maji kichwani. Seli zilizo karibu zaidi na kioo, ambazo ndizo zinazoonekana vizuri zaidi, ndizo pia zilizo karibu zaidi na jeraha.

Kirusi nacho kina mipaka yake. Kikidungwa kingi mno, protini hujaa hadi katika kiini cha seli, na seli hiyo hudhoofika au hutenda isivyo kawaida. Mwanga wa buluu ukiwa mkali kwa muda mrefu hupasha joto na kuifanya protini ipoteze mng'ao. Maambukizi, saruji iliyolegea na shabaha iliyokosewa huongeza idadi ya wanyama wanaolazimika kuondolewa katika utafiti.

Kutokana na hayo hufuata kanuni inayostahili kukumbukwa: kinachoonekana kupitia lenzi hakiwezi kuaminika kuliko upasuaji ulioiweka. Utafiti makini hujilinda kwa njia tatu. Kwanza, huwa na kundi la wanyama waliopandikizwa lenzi lakini hawakupewa ugonjwa au dawa inayochunguzwa, na pengine kundi jingine lisilofanyiwa upasuaji, ili ijulikane kama jeraha peke yake limebadili tabia. Pili, mwishoni ubongo hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa ili kuthibitisha lenzi ilisimama wapi. Tatu, wanyama walioondolewa hutajwa, pamoja na sababu za kuondolewa kwao.

Yaliyoonekana

Mwaka 2013, Yaniv Ziv na wenzake wa maabara ya Schnitzer walitangaza matokeo ya kufuatilia seli za hipokampasi za panya kwa siku 45, wanyama wakipita katika njia ileile. Seli za eneo hilo huwaka mnyama anapofika mahali fulani, kama ramani iliyohifadhiwa kichwani. Ilitarajiwa kwamba ramani ya mahali pamoja ingebaki na seli zilezile. Haikuwa hivyo. Katika siku zozote mbili, ni asilimia 15 hadi 25 tu ya seli zilizojirudia. Hata hivyo, zile zilizojirudia zilionesha mahali palepale, na zilitosha kuhifadhi ramani. Mgonjwa anayeuliza kumbukumbu yake imekaa katika seli gani ajue kwamba hata katika panya mwenye afya, swali hilo halina jibu la seli moja.

Matokeo yenye uzito zaidi kwa kliniki yalitoka mwaka 2018. Jones Parker na wenzake walipandikiza lenzi katika striatamu ya panya. Striatamu ina makundi mawili makuu ya seli: moja huwezesha mwendo, jingine hulifikiriwa kuuzuia. Wanyama wenye afya walipotembea, makundi yote mawili yaliwaka, tena kwa vikundi vya seli jirani. Dopamini ilipoondolewa ili kuiga ugonjwa wa Parkinson, seli za kundi la kwanza zilipoa, na za kundi la pili zikazidi kuwaka huku zikipoteza mpangilio wao wa ujirani. Levodopa ilirudisha hali kuelekea ya kawaida. Lakini wanyama walipopata miondoko isiyo ya hiari inayoletwa na levodopa, picha iligeuka: kundi la kwanza ndilo lililopita kiasi na kupoteza mpangilio, na la pili likapoa.

Wagonjwa wengi wa Parkinson huifahamu hali hiyo bila kuhitaji lenzi. Asubuhi mwili umekakamaa. Saa moja baada ya kidonge, mikono na shingo hujinyonganyonga bila ruhusa. Ndugu huweza kudhani kwamba ugonjwa umezidi au mgonjwa anajitakia. Utafiti huu unaonesha kwamba hali hizo mbili si ugonjwa mmoja uliozidi. Ni mwelekeo miwili iliyopingana, kila mmoja ukiwa umevuruga kiasi cha kazi ya seli na pia mpangilio wake.

Mwaka 2019, Gregory Corder na wenzake walielekeza lenzi kwenye amigdala na kupata kundi la seli linalowaka panya anapopata maumivu. Walipozinyamazisha seli hizo, panya waliendelea kutambua kichomo na kuondoa mguu, lakini walipunguza vitendo vya kujiuguza na kukwepa. Kwa maneno mengine, kuhisi kichomo na kuteswa nacho vilitenganishwa. Kwa mhudumu wa afya, funzo lake ni la moja kwa moja: mgonjwa anayesema kwamba baada ya dawa maumivu bado yapo lakini hayamsumbui tena hajichanganyi.

Haki ya mnyama

Mwaka 1959, William Russell na Rex Burch wa Uingereza waliweka misingi mitatu inayoongoza kamati za maadili hadi leo: kutumia njia isiyohitaji mnyama kila inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza mateso yao. Lenzi inasaidia katika msingi wa pili, kwa kuwa mnyama mmoja hufuatiliwa kwa wiki nyingi badala ya kundi jipya kuuawa katika kila hatua. Katika msingi wa tatu ina deni. Upasuaji ni mkubwa, mzigo hubebwa kichwani, na mara nyingi panya hutengwa na wenzake ili wasiitafune saruji, ilhali panya ni mnyama wa kuishi kwa jamii. Deni hilo hulipwa kwa ganzi ya kutosha, kwa mikono iliyofunzwa, na kwa swali lililostahili kuulizwa.

Mgonjwa na mhudumu wafanye nini

Lenzi hii haitumiki kumtibu wala kumpima mgonjwa. Ingehitaji jeni ngeni kuingizwa katika ubongo na nyama yenye afya kuondolewa. Isitoshe, ubongo wa mwanadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na sehemu zake za ndani ziko sentimita kadhaa chini ya fuvu. Kilicho karibu nayo hospitalini ni elektrodi za kusisimua ubongo kwa umeme, zenye unene wa takriban milimita 1.3, ambazo baadhi ya wagonjwa wa Parkinson huwekewa katika vituo vya rufaa vyenye huduma hiyo. Hizo huwekwa ili kutibu, na haziingizi jeni yoyote.

Habari ya utafiti wa panya inapomfikia mgonjwa, mhudumu anaweza kumsaidia kwa maswali machache. Ugonjwa wa wanyama hao ulitengenezwaje? Katika utafiti wa 2018, dopamini iliondolewa kwa sumu kwa muda mfupi, ilhali ugonjwa wa binadamu hujijenga kwa miaka. Wanyama walilinganishwa na nani? Mahali pa lenzi palithibitishwa? Na je, kilichopatikana ni maelezo ya ugonjwa, au ni dawa iliyokwisha kujaribiwa kwa watu?

La mwisho ni la lazima. Mgonjwa anayesikia kwamba levodopa inavuruga seli asiiache. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta homa kali, kukakamaa kwa mwili na kuchanganyikiwa, hali inayohatarisha maisha. Miondoko isiyo ya hiari ina utaratibu wake wa kushughulikiwa: daktari anaweza kugawa dozi kuwa ndogo na za mara kwa mara, kuongeza amantadini, au kubadili saa za kumeza. Kitakachomsaidia daktari kuamua ni daftari. Mgonjwa au ndugu yake aandike kwa siku chache saa ya kila kidonge, saa mwili unapolegea, saa unapojinyonganyonga na saa unapokakamaa tena, kisha alipeleke daftari hilo kliniki.